Fuvu la Biva Kanisani

Gervaise akikasirika, theluji ya paani iliporomoka yenyewe. Kwaresima ile paa lake lilikuwa tupu kabisa.

Tangu afiwe na mumewe alitega biva, wale wanyama wa mtoni wenye manyoya wanaoguguna miti, peke yake, kwenye kijito alichoachiwa. Alipiga vigingi ukingoni wanapopandia, akaacha mlango mmoja, ndani akatia tawi bichi, juu akaning'iniza gogo. Biva akivuta tawi, gogo linamshukia. Lakini kila asubuhi alikuta mtego umetegwa upya, na manyoya yamegandia kwenye damu.

"Unaniibia, shemeji," alimwambia Anicet, mdogo wa marehemu.

"Mimi? Sijaonja biva tangu Krismasi! Mitego ya mwanamke haishiki, basi." Akawageukia wazee wa kijiji. "Wazee, ikifika Pasaka hajapata kitu, kijito nipeni mimi."

Na wazee, kwa midomo yao wenyewe, wakakubali!

Sasa, Wainu, wenyeji wa misitu hii, walitufundisha zamani: mifupa ya biva hurudishwa mtoni. Ukimpa mbwa, biva wenzake watajua, na hawatakamatika tena. Lakini Anicet angeonekanaje mtoni na mifupa, wakati kaapa hajala? Akawapa mbwa wake, usiku, mlango kaufunga.

Jumapili ya Matawi, Anicet akiimba kumzidi padri, mbwa wake mmoja aliingia kanisani akimtafuta bwana wake. Mdomoni ana fuvu la biva, meno ya rangi ya chungwa yametokeza. Akalitua miguuni pa Anicet, akatikisa mkia.

"Mifupa kwa mbwa!" mama Blandine akapiga yowe. "Unataka kutuua kwa njaa, mlafi we?"

"Huo ni ushirikina," padri akaanza.

"Kaa chini, baba!" mama Blandine akamkatiza.

Gervaise akasimama juu ya benchi. "Kumbe macho mnayo! Mimi kuibiwa hamkuona, mfupa ndio mmeuona?"

Wazee wakamkamata Anicet.

Mchana ule walimpigisha magoti Anicet ukingoni, kofia yake imejaa mifupa iliyookotwa kwake. Gervaise kasimama nyuma yake.

"Utaje kila mfupa unaourudisha, shemeji. Sema ni wa nani."

"Huu... wa Gervaise."

"Sauti! Kanisani ulikuwa nayo!"

"Wa Gervaise! Na huu wa Gervaise!"

Hapo biva mzee, mkubwa kama ndama, akachomoza kichwa, akayachapa maji kwa mkia hadi Anicet akalowa chepechepe. Kijiji kizima kikacheka.

Gervaise hakucheka. Wazee wakamwambia kijito ni chake.

"Kilikuwa cha nani jana?" akawauliza, akabeba shoka, akaenda kutega.