Kila Asubuhi Niliamka Upande wa Marehemu Mume Wangu

Asubuhi ya kwanza njiani niliamka nimelala upande wa marehemu mume wangu.

Sikuhamia mwenyewe. Nilijilaza upande wangu wa kulia, rozari mkononi, kama nilivyolala tangu nilipoolewa. Kulipokucha nilikuwa nimebanwa kwenye ukuta wa kushoto, pale pale alipokuwa akikoromea Anselmo.

Nikajiambia, Eulalia, umezeeka, unafurukuta usingizini.

Asubuhi iliyofuata, vile vile. Na iliyofuata tena.

Msicheke kwanza. Shule nimeishia ya msingi, lakini kichwani niko sawa.

Mimi na Anselmo tulikuwa watu wa gari-nyumba. Lori la zamani, mgongoni limejengewa chumba: jiko, kitanda, choo, kila kitu. Alipostaafu tulizunguka nalo nusu ya Argentina. Kisha akaugua. Gari likaenda kukaa uani kwa mwanetu Leandro, sisi tukahamia hospitali. Alipofariki, likaendelea kukaa huko huko miaka.

Mwaka huu nikasema imetosha. Nikalichukua, nikatoka Santa Rosa kuelekea kusini, peke yangu.

Sala yangu ilikuwa moja tu: "Bwana, kama Anselmo yuko nami, nitaendelea na barabara. Kama hayupo, nitaliuza gari, nikae nyumbani ningoje zamu yangu."

Ndiyo maana jambo la kitanda lilinishtua.

Na maisha yale nilikuwa nimeyasahau, jamani! Niliondoka bila kufunga komeo za makabati. Kona ya kwanza tu, sahani zote chini. Nikasahau kukunja ngazi ya mlango, ikang'oka. Kichwa nilikigonga kwenye kabati la juu mpaka nikaota nundu. Tanki la choo… hilo niacheni.

Hata usukani ulikuwa mgeni kwangu. Nikikata kona ya kulia, gari linajinyonga kama linataka kulala barabarani. Nikajilaumu: mikono imesahau kazi, mama, umekaa mno.

Kwenye kituo kimoja cha mafuta nikashuka, nikalitazama kwa mbali. Limeinama. Nyuma, kushoto.

Upande wa Anselmo.

Nikampigia Leandro huku nalia kwa furaha.

"Mwanangu, gari linalalia upande wa baba yako! Kila nikiamka niko mahali pake!"

"Ni baba huyo, mama," akasema. "Anakusindikiza."

"Kweli, mwanangu?"

"Amina. Na usimwache mtu aliguseguse. Hao mafundi wa njiani watakuharibia."

Nikapiga magoti pale pale kando ya pampu. Kijana wa mafuta alidhani nimeanguka.

Nikafika kambi moja ya ziwani, karibu na Esquel. Wenye magari-nyumba tuna desturi yetu: mgeni akiingia, kabla hata ya salamu, watu wanakuja na mbao za kuweka chini ya magurudumu ili gari likae sawasawa. Ndipo inazunguka chai ya mate, ile ya majani machungu tunayoinywa kwa mrija kutoka kibuyu kimoja.

Akaja Abelardo, dereva wa basi mstaafu, mbao kwapani. Nyuma yake mkewe, Nélida.

"Mama, sogea mbele kidogo nikuwekee!"

"Asante, kaka. Liache hivyo hivyo."

"Niliache? Mama, hapa ukipika supu itahamia kwa jirani!"

Nélida akadakia: "Mwache, Abelardo. Labda mwenzetu hulala ananing'inia kama popo."

Wakacheka, nikacheka nao. Kisha nikawaambia ukweli. Kwamba ni mume wangu.

Kicheko kikakatika. Abelardo akavua kofia. Nélida akanipokeza kibuyu cha chai.

Macho yao niliyaona. Ndiyo yale watu wanayomtazamia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

Asubuhi niliwasha gari lipate moto, nikakaa nasali. Mbwa wao akapita mbio na ndala ya Nélida mdomoni, akajificha uvunguni mwa gari langu.

"Rudisha ndala, mshenzi we!" Abelardo akamfuata kwa tumbo.

Mara akageuka chali.

Akatoka ana vumbi mgongoni, uso umempauka.

"Mama Eulalia, ulikuwa unaelekea wapi?"

"Kule ng'ambo ya milima."

"Zima gari."

"Kaka, namalizia sala—"

"Zima, mama, nakuomba. Sala itasubiri."

Nikazima. Nikapiga magoti na uzee wangu huu, nikachungulia.

Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imepasuka. Imefungwa kwa waya wa uzio, na kipande cha gogo kimeshindiliwa pembeni kuizuia. Waya wenyewe ulishaanza kukatika.

"Mteremko mmoja tu," Abelardo akasema, "ungekwenda kumkuta mzee wako kweli."

"Abelardo!" mkewe akamkemea.

"Mwache, dada," nikasema. "Huyu angalau anasema."

Nikampigia Leandro.

"Nani amefunga springi kwa waya?"

Hakujifanya haelewi. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Lori langu lilivunja springi, mama, nilikuwa na mzigo wa kuni. Hilo la kwenu lilikuwa limekaa tu. Nikavua yake nzima, nikaweka yangu iliyopasuka. Nilidhani hutasafiri tena."

"Nikasafiri. Nikakupigia."

"Ulikuwa na furaha, mama! Ningekunyang'anyaje?"

"Ukasema mafundi wasiliguse. Ukasema amina, Leandro."

"Niliona aibu, mama."

Aibu! Mimi siku zote zile ninasali rozari nzima nzima, namshukuru Mungu kwa waya wa uzio.

Abelardo akanitafutia fundi mjini, springi mpya ikafungwa, gari likasimama wima. Usiku ule nililala upande wangu.

Nikaamka upande wangu.

Nilikaa kitandani mpaka jua likapanda, nikisubiri hata ishara nyingine ndogo. Kikombe kianguke. Mlango ulie. Hakuna.

Nélida alinisihi sana. "Twende wote, dada, sisi mbele, wewe nyuma yetu."

Lakini nilishaahidi katika sala ile, na niliyemwahidi si mtu wa kuchezewa. Gari nililiuza palepale kambini, kwa wachumba wawili wanaocheka kila kitu. Nikarudi Santa Rosa kwa basi.

Leandro alinipokea kituoni, macho mekundu. Akachukua begi langu.

"Mama, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Hilo Mungu ameniamuru."

Akataka kunikumbatia. Nikamshika kifua kwa kiganja, taratibu.

"Kukuamini hajaniamuru."

Mnaonisoma, nina moja tu la kuwaachia. Mtu akiwahi mno kuitikia amina katika jambo lako, mtazame usoni, hata kama ulimzaa wewe. Na kabla hujapiga magoti kushukuru, piga magoti kwanza uchungulie uvunguni. Mungu hatachukia kusubiri. Mimi nilifanya kinyume, na siku hizi kila nikisali, najisikia nikisita kabla ya kusema amina.