Tulipopanda Mlima Kinyumenyume

Asubuhi ile shemeji yangu Murhula alikuwa amelala chali chini ya gari, na mimi nilikuwa nimechuchumaa kando yake nikipokea boliti alizokuwa akizifungua. Gereji yake ilikuwa chini kidogo ya soko la Nyawera, mjini Bukavu. Kelele za wabeba mizigo zilitufikia wazi kabisa, na harufu ya samaki wakavu pia.

Mimi nilikuwa dereva wa kituo cha afya. Gari letu lilikuwa jeep kuukuu, yenye nguvu mbele na nyuma, ambayo tuliipeleka hadi huko Shabunda kuchukua wagonjwa. Barabara zile huua gari. Ndiyo maana kila niliporudi safari nilimpelekea Murhula, mume wa dada yangu Nabintu, aikague giaboksi na kila kitu kinachozunguka chini yake.

Alifungua kizibo, akayaacha mafuta ya giaboksi yamwagike kwenye beseni, akachovya kidole na kuyasugua taratibu. Halafu akaishika kardani, ule mhimili mrefu wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, akaitikisa. Ikagonga.

"Unasikia, shemeki?" akasema. "Boite iko muzima. Ni hii msalaba ya nyuma ndiyo imekufa."

Boite ndiyo giaboksi; msalaba ni kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiunganisha kardani na ekseli. Alikitoa, kikammwagikia mkononi vipande vipande. Kipya kingepatikana Bujumbura tu. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda huko aliahidi kutuletea, basi Murhula akaiweka kardani juu ya meza ya gereji, akaifunika kwa gunia, akamimina mafuta mapya kwenye giaboksi. Nabintu alituletea chai na mikate, akamcheka mumewe kwa sababu alikuwa ametia sukari mara mbili bila kujua. Tulizungumza habari za mpira.

Siwezi kusema hatukujua kitu. Watu wa Luvungi na vijiji vya bonde la Ruzizi walikuwa wamekwisha kuanza kuingia mjini wakikimbia vita, magodoro kichwani. Tuliwaona. Tuliwapa pole, tukaendelea na kazi.

Yule mfanyabiashara hakurudi. Njia ya Bujumbura ilifungwa, na siku chache baadaye mabomu yakaanza kuanguka juu ya Bukavu.

Nilikimbia kutoka kituoni hadi nyumbani kwa dada yangu. Mtaa mzima ulikuwa barabarani, kila mtu na kifurushi chake. Lakini mama yetu, aliyekuwa akiishi kwa Nabintu, alikuwa amevunjika nyonga miezi michache nyuma, na hakuweza hata kufika chooni bila kushikwa.

"Mi siende," mama alisema. "Mupeleke batoto. Muniache na maji tu."

"Hakuna mutu atabaki hapa, Maman," Murhula akamjibu. Alikuwa hapandishi sauti hata siku ile. Akanigeukia. "Twende tulete jeep."

"Jeep haina kardani."

"Haina ya nyuma. Ya mbele iko."

Tukashuka gerejini tukiinama kando ya kuta. Alipiga magoti mbele ya gurudumu moja, kisha la pili, akavizungusha vitovu vyake, vile vya katikati vinavyoyashikisha magurudumu na ekseli, kwa mkono mpaka vikafunga. Akaniambia nitie ile gia ndogo ya pembeni kwenye nne, yaani magurudumu yote manne. Kwa namna ile, nguvu yote ya injini ingekwenda mbele, na magurudumu ya nyuma yangefuata tu kama mkokoteni.

"Mu tambarare haina shida," akasema. "Mu mulima ndiyo itateleza, sababu uzito yote itarudia nyuma. Kama inakatala, tutageuza, tupande na mariyere."

Sikumwelewa vizuri. Nilijua mariyere, gia ya kurudi nyuma, lakini nilikuwa sijawahi kupanda mlima nayo. Aliniona usoni, akanigonga bega. "Utaona."

Tulirudi nayo nyumbani, tukamlaza mama nyuma juu ya godoro, watoto watatu wa dada yangu wakakaa wakimzunguka, na majirani wazee wakajibana walipopata nafasi. Tukachukua barabara ya Walungu katikati ya umati uliokwenda kwa miguu. Ilikuwa mvua ya msimu ule, ile nyembamba isiyokoma. Watu walipisha kwa shida. Wengine waligonga mlango wakitaka tuwapokee watoto, na tulipokea mpaka hapakuwa na pa kutia mkono.

Kilima cha kwanza tulikipita. Cha pili, magurudumu ya mbele yalianza kuzunguka mahali pamoja yakichimba tope. Nilikanyaga mafuta, jeep ikateleza upande wa bonde.

Murhula aliwateremsha wote walioweza kutembea. Nabintu akatangulia juu na wale wazee. Mama na watoto wadogo wakabaki ndani. Tulisubiri watu wapungue, nikageuza gari, nikalielekeza pua chini, kule tulikotoka.

Ndipo nikaelewa. Sasa uzito wote ulilalia magurudumu yanayovuta. Nilipoachilia klachi polepole, jeep ikaanza kupanda, kinyumenyume, bila kuteleza. Nilikuwa nikitazama mlima kupitia kioo kidogo cha pembeni, na mbele yangu, kupitia kioo kikubwa, niliona moshi upande wa jiji letu.

Murhula alitembea chini yetu, mbele ya boneti, uso wake ukinielekea. Mikononi alibeba jiwe kubwa. Breki ya mkono ya gari lile ilifanya kazi pamoja na ile kardani ya nyuma, na bila kardani haikuwa ya kutegemewa. Kama injini ingezima, jiwe lile ndilo lingetuzuia. Kwa kidevu chake alinionyesha: kushoto, kulia, taratibu, ni vizuri.

Tulikuwa tumepita nusu ya mlima.

Risasi zilitoka upande wa migomba. Zilikuwa za nani, sijui mpaka leo.

Watu wakajitupa chini. Mtoto mmoja ndani akapiga kelele. Mguu wangu ukaiachia klachi ghafla, injini ikazima.

Jeep ikaanza kuteremka. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tope halikushika.

Murhula hakukimbia pembeni. Alikuja kwetu. Akainama, akalisukuma jiwe chini ya gurudumu, upande wa bonde.

Gari likasimama.

Aliponyanyuka alikuwa ameshika ubavu. Alikaa barabarani kama mtu aliyechoka. Mdomo wake ulisema kitu ambacho sikukisikia. Halafu akainua mkono na kuusukuma hewani mara mbili: panda, panda.

"Endesha, mutoto yangu," mama alisema nyuma yangu. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, na alikuwa anaona yote.

Injini ikawaka. Nikapanda.

Nilipanda nikimwangalia. Gari lile halikuniruhusu kutazama kwingine. Alipungua kidogo kidogo machoni pangu, akalala ubavu, kisha kona ikamficha.

Juu, Nabintu alikuja mbio kando ya dirisha.

"Papa Faida iko wapi?"

Faida ni binti yao wa kwanza, alikuwa amemshika bibi yake shingo. Niliruka nje, nikaanza kushuka kwa miguu, lakini watu waliokuwa wakipanda walinishika mikono. "Usishuke, ule papa amekwisha kufa," mwanamume mmoja akaniambia. Risasi bado zilikuwa zikilia. Nabintu alisikia. Hakulia pale. Alipanda garini, akakaa kwenye kiti cha mumewe.

Walungu, askari walitunyang'anya jeep asubuhi iliyofuata. Hawakuuliza hata kwa nini haina kardani.

Nimejaribu miaka mingi kuupima msiba ule na sijapata mizani. Mama aliishi, akafa kitandani mwake vita vya pili nchini mwetu vilipokuwa vikianza, wanawe tukiwa karibu. Watoto wote waliokuwa ndani ya gari walifika, na Faida leo ana watoto wake. Hayo ni mengi. Lakini dada yangu aliwalea peke yake akiuza mkaa, na gereji tuliikuta tupu, hata meza haikuwapo. Watu huniambia shemeji yangu aliokoa roho nyingi. Ni kweli. Nami nimeona pia nyumba ambamo mtu mmoja hayupo, na wale wengi hawajazi nafasi yake.

Barabara ilipokuwa salama kidogo, Nabintu aliniomba nimpeleke kule mlimani. Tulimkuta mama mmoja akilima maharagwe. Tulipomweleza, aliacha jembe, akatupeleka pembeni kidogo, mahali ardhi ilipokuwa imebonyea.

"Ni sisi tulimuzika," alisema. "Bwana yangu na bantu ba hapa. Hatukujua jina yake. Tulimuosha, tukamufunika na kitenge."

Nabintu akamshukuru kwa Mashi, lugha ya kwetu, akimshika mikono yote miwili.

Yule mama alisita, kama mtu anayeomba radhi. "Lakini mikono yake, dada, tulisugua sana. Ile mafuta nyeusi ya mu makucha ilikatala kutoka."

Dada yangu alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile, na machozi yakamtoka.

"Haikutokaka hata siku ya ndoa," akasema.