Punda wa Zuhura na Miti ya Mgeni Rasmi

Mchanga wa korongo ukichimbwa wakati wa kiangazi hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Ni harufu ya ubaridi, ya mizizi iliyooza kidogo na ya chuma, na mtoto wa kwetu huijua kabla hajayaona maji yenyewe. Kijijini kwetu, katika nchi ya Wasandawe huko Chemba, korongo lilipita kati ya nyumba yetu na shule. Mvua zikinyesha lilijaa kwa siku chache, kisha miezi mingine yote likabaki barabara pana ya mchanga mzito unaomeza mguu hadi kifundo. Akina mama walichimba visima humo, wakayateka maji kwa kata, wakasubiri yajikusanye tena, wakateka. Maji hayo ndiyo tuliyoyanywa, tuliyopikia na tuliyonywesha mbuzi. Nayaeleza haya mapema kwa sababu msomaji aliyezoea kufungua bomba huenda asione ubaya wa jambo ninalotaka kusimulia. Mimi nauona hadi leo, na hasira yake haijanitoka.

Mdogo wangu Zuhura aliugua homa akiwa bado ananyonya, na homa ilipomwachia, miguu yake haikupata nguvu tena. Ndani ya ua alitambaa kwa kasi kuliko kuku waliokuwa wakimkimbia, lakini shule ilikuwa mbali na mchanga wa mchana ulichoma viganja. Baba hakutaka kusikia habari ya mtoto wa kukaa nyumbani. Siku ya kuandikishwa alimtandika punda wetu, jike la kijivu lisilo na haraka na maisha, kwa magunia yaliyojazwa majani makavu, akampandisha Zuhura juu, akanikabidhi mimi kamba. Watoto wa shule walitupokea kwa vicheko, wakisema punda naye amekuja kuanza darasa la kwanza, na Zuhura alicheka kuwashinda wote. Hakuna aliyecheka tena alipofika darasa la pili, maana kwenye hesabu hawakumwona hata vumbi. Kiswahili wengi wetu tulikikuta shuleni. Nyumbani tulisema lugha yetu yenye kugonga ulimi, na walimu waliotoka mbali walidhani tunawasengenya. Zuhura alikishika haraka, na aliyekaa naye dawati moja hakuwahi kupotea, kwa kuwa alimnong'oneza kwa lugha ya kwetu kile mwalimu alichokuwa anafundisha. Sijui kama kulikuwa na mwalimu aliyelitambua hilo.

Kiangazi kimoja, mimi nikiwa darasa la tano na yeye la tatu, tuliambiwa kwenye mstari wa asubuhi kwamba shule yetu imechaguliwa kuwa shule ya mfano katika kutunza mazingira. Mgeni rasmi angekuja. Mwalimu mkuu wetu, mtu wa suruali iliyonyooshwa na sauti ya kengele, alisema kwamba mgeni huyo lazima akute miti. Siku chache baadaye lori lilishusha miche ya mijohoro na miarobaini, mizuri kabisa, bado mibichi kwenye vifuko vyake vyeusi. Ilikuwa katikati ya ukame, upepo wa vumbi unavuma kutwa nzima, na ng'ombe wamekonda hadi unaweza kuhesabu mbavu. Katika nchi yetu hiyo mti haupandwi kiangazi. Mashimo huchimbwa kiangazi, mti ukasubiri mvua ya kwanza iloweshe ardhi, na hilo lilijulikana hata na mtoto anayechunga mbuzi. Baba alilisema kwenye mkutano wa kijiji, kwa adabu, akasimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, tuchimbe mashimo sasa, miche tuiweke kivulini mpaka mvua. Tukiipanda leo tutazika."

"Mzee, ziara haisubiri mvua," mwalimu mkuu alimjibu. "Maelekezo yametoka juu."

Hayo maneno mawili, yametoka juu, niliyasikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, na nimeyasikia tena na tena tangu nilipoanza kazi. Hayana mwenyewe. Huwezi kubishana nayo kwa sababu aliyeyasema anasema si yake, na huko juu kwenyewe ukifika utaambiwa yalitoka juu zaidi. Kijiji kizima kilijua kwamba jambo lile ni upuuzi, na kijiji kizima kilipanda. Kisha ikaja amri ya pili: miche inahitaji maji asubuhi na jioni, kwa hiyo kila kaya yenye punda imtoe, abebe madumu kutoka korongoni hadi shuleni. Asiyemtoa angetozwa faini. Wengine walikuwa na punda watatu au wanne, wakatoa mmoja aliyechoka. Sisi tulikuwa na mmoja tu.

Baba alieleza kwamba yule punda ndiye miguu ya mtoto. Alieleza kwa mtendaji wa kijiji, akaeleza kwa mwalimu wa zamu, akaeleza tena kwa mwalimu mkuu. Wote walimwelewa, wote walisikitika, na punda akachukuliwa. Nilimwona mwenyewe akipita mbele ya ua wetu amefungwa sogi yenye madumu pande mbili, akasimama langoni kwa mazoea kumsubiri Zuhura, akachapwa ili aendelee. Nilijaribu kumbeba mdogo wangu mgongoni, lakini alikuwa ameshakuwa msichana mzito, na tulipofika katikati ya korongo nilianguka naye. Mama alituona kutoka kisimani. Alitupangusa mchanga, akamrudisha Zuhura nyumbani, na kuanzia hapo nikawa naenda shule peke yangu. Jioni alinidai kila kitu kilichofundishwa. Nami darasa lake sikuwamo, nikawa naokota habari kwa wenzake, na kwa vile yeye ndiye aliyekuwa akiwaelewesha, hao nao walikuwa hawajaelewa.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na miti. Tumeikata vya kutosha kwa kuchomea matofali na mkaa, na vilima vya kwetu vimebaki uchi. Lakini maji yaliyomwagwa kwenye ile miche yalitoka kwenye visima ambavyo mama zetu walikesha wakivisubiri vijae, na punda aliyeyabeba alitoka chini ya mtoto aliyekuwa anataka kusoma. Aliyepanga mambo yale alikuwa na vitu vyote viwili kwenye hotuba yake, mazingira na elimu, akashindwa kuona kwamba anakiua kimoja ili akipige picha kingine.

Siku ya mgeni ilifika. Ikagunduliwa, asubuhi hiyohiyo, kwamba mgeni atazungumzia pia watoto wenye ulemavu, na kwamba shule inaye mmoja. Mwalimu wa zamu alikuja mbio nyumbani kumfuata Zuhura, akiongozana na punda wetu, aliyefunguliwa madumu kwa ajili ya safari hiyo moja. Mama alimvalisha sare aliyoifua na kuikunja wiki nyingi zilizopita. Walipofika, punda alikwenda kufichwa nyuma ya ghala asionekane, naye Zuhura akaketishwa mbele kwenye zulia. Mgeni rasmi alipanda mti wake, akasema hakuna mtoto atakayeachwa nyuma, kisha akamkabidhi Zuhura kiti cha magurudumu, kipya, kinang'aa. Watu walipiga makofi na mimi nilipiga. Zuhura alikizungusha kwenye zulia, mbele na nyuma, na uso wake siku ile ninauona hadi sasa. Alidhani amepona.

Kesho yake tulikisukuma hadi korongoni. Magurudumu membamba yalizama mchangani kabla hatujafika hata karibu na visima. Tuliyainua, yakazama. Baba alikuja, akakiinua kiti pamoja na mtoto ndani yake, akatembea hatua chache, akakitua. Siku hiyohiyo alikwenda shuleni kumwomba punda wake, maana mgeni alikuwa amekuja na amekwenda. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mkali. Alimkaribisha kiti, akamwambia taratibu kwamba miche bado inahitaji maji, na tena mtoto ameshapewa usafiri wake, na punda sasa ana kazi ya shule.

Punda alirudi mvua zilipoanza. Karibu miche yote ilikuwa imekufa wakati huo, isipokuwa ule wa mgeni, uliozungushiwa miiba na kupewa maji ya kutosha. Zuhura naye alipimwa, ikaonekana amebaki nyuma, akaambiwa arudi darasa la kwanza akae na watoto wadogo waliotoka kuanza. Alikwenda siku moja. Aliporudi alimwambia baba asimtandike tena yule punda, na baba, aliyekuwa hajawahi kushindwa kumbembeleza, alishindwa. Hakuna aliyemfukuza shule. Ukiuliza leo utaambiwa aliacha mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leo ninaishi Ihumwa na kufanya kazi ya elimu katika mji mkuu, wenye wizara kila upande. Maneno yamekuwa mazuri sana. Elimu ni jumuishi, maendeleo ni endelevu, utawala ni bora, na maneno haya yote yanaandikwa kwenye mabango ambayo siku ya pili yanatupwa jalalani. Juzi tulipelekwa Msalato kupanda miti, jua likiwa kali na ardhi imepasuka, kwa sababu wageni walikuwa na nafasi wiki hiyo tu. Nilisema. Kijana wa ofisini kwetu, mwenye shahada mbili, aliniambia, "Mama, naelewa, lakini hii imetoka juu." Sikumlaumu sana yeye.

Mwaka jana msafara wetu wa ukaguzi ulipita shule ya kwetu. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mchangamfu, alituonyesha kwa fahari mteremko wa saruji uliojengwa mlangoni mwa darasa, wenye vishikio vya chuma pande zote. Kazi safi, sikatai. Nikamuuliza wanautumia watoto wangapi. "Bado hatujapata mtoto mwenye ulemavu, mheshimiwa," akasema. Zuhura, ambaye hadi leo anaishi palepale kwetu na kushona nguo kwa cherehani ya mkono, alikuwa ameshaniambia kwenye simu habari za binti wa jirani asiyetembea, anayeletwa kwake jioni kufundishwa hesabu. Nikamwomba mwalimu mkuu tuvuke korongo. Akatazama viatu vyake, akatazama meza ya chakula iliyokwisha kuandaliwa, akasema wageni wengine wanasubiri.

Nikavuka peke yangu. Bibi wa yule mtoto aliniruhusu, Zuhura akanipa khanga yake, nikamfunga binti mgongoni kama afungwavyo mtoto mchanga, tukarudi mchangani polepole, mimi nikihema na jasho likinitoka, yeye akiniuliza jina la kila kilichoonekana upande wa pili. Niliupanda ule mteremko mbele ya msafara mzima, nikamketisha kwenye dawati la mbele.

"Mwalimu, huyu hapa," nikasema. "Mmempata."

Walipiga makofi, na mmoja alishatoa simu apige picha. Mtoto alilipapasa dawati, akawatazama wote, kisha akanivuta mkono na kuniuliza jambo kwa lugha ya kwetu. Mwalimu mkuu akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria.

"Anauliza kesho ataletwa na nani."

Mwalimu mkuu akamtazama ofisa elimu wa msafara wetu, ofisa elimu akanitazama mimi, na makofi yakakoma.