Nyundo Haipigwi Penye Fidla

"Tarumbeta kwanza!" mzee wangu alifoka, misumari imebanwa midomoni. "Sikio langu, uamuzi wangu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akajibu Kipara.

"Langu halikufa. Lilichoka kukusikiliza wewe."

"Mtu hujasikia muziki miaka yote hii, leo unataka ufunguliwe na tarumbeta? Utadhani parapanda imelia, uanze kutubu. Na dhambi zako zilivyo nyingi, tutakesha hapa."

"Fidla," nikasema mimi.

"Wewe hukuulizwa."

"Ningekuwa mtu wa kungoja kuulizwa, ungekuwa mseja mpaka leo."

Kipara ni kinyozi wa mlango wa pili, na jina hilo amelipata kwa kichwa chake, ambacho hakina unywele hata wa dawa. Mwenyewe husema nywele zake aliwagawia wateja. Alikuwa ameleta kiti chake cha kunyolea, kimechanika, na mzee wangu ndiye fundi viti. Basi mmoja anagonga, mwenzake amemsimamia kichwani akimsumbua, na mimi nimekaa juu ya gunia la sponji, nachochea.

Siku iliyotangulia, hospitalini, mzee alivalishwa vidude vya kusikilizia, kila sikio na chake. Kabla ya hapo nilikuwa namwita kwa kumrushia kitambaa. Muuguzi alipoviwasha nikamuuliza, "Unanisikia?" Mzee akaruka. "Kumbe una sauti kubwa hivi!" Nikamwambia sauti hii nimeikuza kwa ajili yake, kama watu wanavyofuga kuku, sasa aile.

Lakini muuguzi alituonya. Maneno yatarudi upesi, muziki ni bahati. Wapo wanaousikia vizuri, wapo wanaosikia bati likiburutwa kwenye mawe. Tangu hapo mzee akakataa hata redio. Mjukuu wetu wa kike akaahidi kumtafutia kwenye simu muziki wa zile sinema za jasusi za enzi zetu, akatoka kwenda kuutafuta. Ugomvi wetu ukawa huo: akiuleta, upigwe upi kwanza?

Zamani, kwenye jumba la sinema, mimi nilikuwa msichana wa tochi. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha waliochelewa viti vyao gizani, na waliokuja kwa mapenzi niliwamulika makusudi. Mzee wangu wakati huo ni kijana, mwembamba hivi kwamba akisimama kando ya ufagio hujui ushike yupi ufagie. Alikaa kwenye chumba nyuma ya ukuta wa pazia la picha, akitengeneza viti ambavyo watazamaji walivivunja kwa furaha. Na vilivunjika kwelikweli, maana sinema za jasusi zilikuja moja baada ya nyingine, na kila jasusi akiruka dirishani, ukumbi nao unaruka.

Meneja akampiga marufuku kugonga picha ikiendelea. Kijana akatega sikio ukutani, akagundua kwamba tarumbeta zikipanda na ngoma zikianguka, hata ukibomoa nyumba hakuna atakayejua. Akauhifadhi muziki wote. Tarumbeta ikilia, anaweka msumari. Ngoma ikidunda, anagonga. Watu wakaanza kusema jumba letu lina ngoma nzito kuliko majumba mengine, wakaja kutoka mbali kuisikia. Siku moja tu alipotea, akagonga penye kimya. Ukumbi mzima ukadhani ni risasi, ukalala chini ya viti, meneja akiwamo, na picha ile alikuwa ameiona mpaka anaiota. Hata jasusi mwenyewe, kule kwenye pazia, aligeuza shingo akatazama upande wetu. Anayebisha akamuulize jasusi.

Majina ya waliotunga muziki ule yaliandikwa mwishoni mwa picha. Mimi kusoma sijui, mzee alikuwa nyuma ya ukuta, na Kipara, ambaye hakukosa sinema hata moja, alikuwa ameshakimbilia mlangoni kuwahi hewa. Basi tukawabatiza wenyewe. Wa zile za mwanzo tulimwita Bwana Tarumbeta. Aliyeingia picha ya tatu, Bwana Fidla.

Bwana Fidla ndiye aliyemharibia mzee wangu kazi. Picha nzima fidla inalia taratibu, kama mtu anayesema siri. Ugonge wapi hapo? Viti vikarundikana. Kwa kukosa la kufanya, kijana akalaza nyundo chini, akatoka, akaja kukaa na mimi mlangoni. Pazia halionekani pale, nguzo imeliziba. Akaniuliza, "Hapo fidla ilipolia, kumetokea nini?" Nikamwambia jasusi amemsamehe adui yake, wanakunywa chai. Kesho yake akauliza tena. Nikamwambia jasusi ameacha kazi, anafuga njiwa. Hakukosa siku. Mpaka picha ile inaondolewa, alikuwa ameshazungumza na baba yangu.

Na mpaka leo hubishana na Kipara juu ya wale njiwa. Kipara anaapa hawakuwapo. Mzee anasema, "Nimesimuliwa na aliyeona!" Mimi saa hiyo hutazama dirishani.

"Bwana Tarumbeta alikuwa mpiga kelele tu," Kipara aliendelea. "Fidla ilikuambia jasusi anawaza nini."

"Tarumbeta ilinipa riziki. Fidla ilikupa nini wewe? Usingizi?"

"Na wewe je," nikamuuliza mzee, "fidla ilikupa nini?"

Akatema misumari kiganjani. Nilidhani atacheka, hakucheka.

"Hapo ndipo penye shida," akasema. "Ile fidla ninayo. Miaka yote ya uziwi imekuwa ikilia humu ndani." Akagusa paji la uso. "Nzima, haijakatika uzi. Tarumbeta ikigeuka bati, haya, na iwe bati. Lakini nikisikia ile fidla imekuwa bati, bati litakaa mahali pake. Nitabaki na nini?"

Kipara akajikuna kichwa, ingawa hakuna alichokipata huko.

Nami pale juu ya sponji moyo ukanijaa shukrani, nikasahau kuchochea. Bwana Fidla simjui, sijui kama yu hai. Yeye alikuwa akimtafutia jasusi mawazo, kumbe ananitafutia mimi mume. Watoto na wajukuu wote waliolia katika nyumba hii wametoka kwenye nyuzi zake. Namshukuru. Namshukuru na Bwana Tarumbeta kwa unga uliowakuza. Na Kipara, mdomo wake ule, namshukuru kuliko wote. Mzee alipozibika masikio, wengine waliacha kuja, maana kumpigia mtu kelele kunachosha. Kipara alikuja. Alikuwa akiukunja mkono wake wa kushoto, akapitisha kitana juu yake kama anapiga fidla, macho kayafumba, ili mwenzake aone anabishiwa nini.

"Basi," Kipara akasema kwa upole ambao si wake. "Iwe tarumbeta. Nakuachia."

"Huniachii. Nimeshinda."

"Hujashinda, nimekuhurumia."

Mzee akarudisha misumari midomoni, akakiinamia kiti, mgongo kaupa mlango. Akainua nyundo.

Mlango ukasukumwa. Mjukuu wetu akaingia, simu kiganjani, na kwa kuwa hakujua lolote la ugomvi wetu, alikuwa ameshaiwasha. Ilikuwa fidla, nyembamba, taratibu. Nikamkonyeza azime haraka. Akadhani ninamtania, naye akanikonyeza.

"Na ukitaka ukweli," Kipara alikuwa akiendelea, hajamwona, "wale njiwa wako..."

Nyundo haikushuka. Ilikaa hewani kidogo, kisha mzee wangu akaiteremsha polepole, akailaza kwenye kiti kama mtu anayelaza mtoto.

"Kipara," akasema, misumari ikimdondoka, "nyamaza."