Saa Isiyojua Mlima

Baba mkwe wangu na mimi tulijifunza kuzamia pamoja bila kusemezana hata neno moja uso kwa uso. Hatukuwa tumegombana. Ndivyo tulivyolelewa: mwanamume humheshimu baba wa mke wake kwa kukaa mbali naye. Hali naye sahani moja, hamgusi, na akiwa na neno humpa mke wake alipeleke. Pale mtaani kwetu Katuba nyumba zetu mbili zilitenganishwa na ua mmoja tu, na mke wangu aliuvuka kutwa akibeba maneno yetu, akiyapunguza makali njiani, maana mimi nina ulimi mchungu na baba yake alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Kwa mambo ya nchi kavu mpango huo ulitufaa.

Aliyeanza habari za maji ni yeye. Maisha yake yote alitengeneza pampu za migodini, na alipostaafu akafungua kazi yake ya kuopoa pampu zilizozama kwenye mashimo ya zamani, yale yaliyoachwa na kampuni yakajaa maji. Wazamiaji aliwaita kutoka Zambia, nao walikuja siku wanayotaka wao. Mwishowe alichoka, akatangaza kwamba atashuka mwenyewe. Mimi nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu ni mimi pekee katika familia niliyejua kuogelea. Kazi yangu ni kutengeneza simu mjini, nakaa kwenye kiti, kwenye kivuli, na hakuna aliyeniuliza kama napenda.

Mwalimu wetu alitoka Kalemie, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyezamia miaka mingi ziwani. Mafunzo ya kwanza yalifanyika kwenye bwawa la hoteli, ambapo wageni walitudhania ni mafundi wa bomba. Kisha akatupeleka shimoni, kaskazini mwa mji, njia ya kuelekea Kinsevere. Sikulipenda shimo lile tangu nilipoliona. Maji yake yalikuwa ya buluu iliyozidi, safi mno, na kando yake hapakuwa na chura, wala mdudu, wala jani la kijani. Kuta za udongo mwekundu zilishuka wima na kuingia majini, na huwezi kujua zinaishia wapi. Nilipotupa jiwe nililiona likizama kwa muda mrefu, jeupe, halafu sikuliona tena. Baba mkwe wangu alisimama ukingoni mikono mgongoni, akatazama kama mtu anayetazama kiwanja chake.

Mwalimu alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: kila mtu awe na kompyuta yake ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa. Sisi tuliiita saa tu. Alitueleza kwamba ukiwa chini, hewa unayoivuta inaingia mpaka ndani ya nyama na damu, na ukipanda haraka inatoka kwa fujo, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Saa inahesabu hewa hiyo. Inakuambia umebakiza muda gani chini, na ukiupitisha, inakuamuru usimame karibu na juu na kungoja mwili utulie. Halafu akasema jambo ambalo mimi nililishika na mwenzangu akalipuuza. Alisema saa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa baharini.

“Hapa kwenu iko juu sana,” alisema. “Hewa ni nyepesi. Saa isipojua kama iko juu ya mulima, itakudanganya, na itakudanganya kwa upole.”

Basi tukaanza kuchagua. Mwalimu aliniambia mwanafunzi asinunue saa ya kujivunia, anunue saa atakayoielewa akiwa na hofu: tarakimu kubwa, vitufe vichache, mlio unaosikika, betri inayopatikana, na zaidi ya yote iwe inatambua yenyewe urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Nilizungusha picha kwenye simu jioni nzima. Mwisho nilimwagiza mama mmoja mfanyabiashara aendaye Dubai, akaniletea dude la plastiki jeusi, kubwa kama kifuniko cha kopo la maziwa. Mke wangu alicheka alipoliona. Aliuliza kama lina redio.

Baba mkwe wangu alipata yake kwa njia nyingine. Kulikuwa na mzungu aliyemaliza mkataba akawa anauza vitu vya nyumba kabla ya kuondoka, na kati ya majiko na makochi kulikuwa na saa ya kuzamia ya chuma, nzito, inayong'aa, yenye mkanda wa chuma vilevile. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Lakini ilikuwa ya zamani: haikutambua mlima yenyewe. Ilibidi mtu aiingize hesabu hiyo kwa vitufe, na ikishaingia, pembeni mwa kioo hutokea kialama kidogo cha mlima. Nilimtuma mke wangu aseme kwamba hiyo haifai kwa wanafunzi. Alivuka ua, akakaa huko kidogo, akarudi na jibu, saa akiiita kwa Kifaransa kama baba yake.

“Amesema: ambia bwana yako, hii montre iko ya bantu bakubwa.”

Mwalimu alinuna alipoiona, akaipanga kwa mkono wake mpaka mlima ukatokea, akamwonyesha mzee mara mbili namna ya kuuangalia kabla ya kila kushuka. Tulipomaliza mafunzo akarudi kwao Kalemie. Tangu Jumapili iliyofuata mzee aliivaa saa ile kwenda misani, juu ya suti ya kijivu, na wakati wa kupeana amani alinyoosha mkono mpaka mkono wa shati ukapanda. Watu walimuuliza, naye alijibu kwa sauti ya kanisani kwamba ni chombo cha kazi. Nilimcheka moyoni. Nilimpenda pia, lazima niseme, jinsi alivyokuwa na furaha.

Kisha betri ikaisha. Aliipeleka saa kwa fundi, ikabadilishwa, ikarudi ikifanya kazi. Niliiona mkononi mwake tukiwa kwenye sherehe ya ubatizo, nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza kama inavyotakiwa, na kwenye kioo hapakuwa na mlima. Mimi natengeneza simu, najua betri ikitolewa kifaa cha zamani husahau ulichokifundisha. Saa ilikuwa imerudi baharini. Sikungoja tufike nyumbani, nilimvuta mke wangu pembeni nikampa maneno yote, polepole, nikamrudisha nyuma ayaseme tena mpaka nikaridhika.

Aliyapeleka. Nilimwona mzee akimsikiliza, akitabasamu, akimpapasa bega.

“Amesema ndani ya maji hakuna mulima.”

Wajomba waliokaa karibu walicheka sana, na kesho yake utani huo ulikuwa umeenea Katuba. Mimi sikucheka. Nilimwambia mke wangu amwombe anipe ile saa kwa muda mfupi tu nimpangie, akajibiwa kwamba mtoto hashiki saa ya mkubwa. Nilimpigia mwalimu, naye akampigia mzee, na mzee akamwambia ndiyo, ndiyo, ataangalia. Hakuangalia.

Asubuhi tuliyoshuka wenyewe kwa mara ya kwanza ilikuwa ya kiangazi, baridi, upepo unapeperusha vumbi jekundu juu ya maji. Nilifikiri kukataa. Lakini nikikataa atashuka peke yake, na hilo nililiogopa zaidi. Tulishuka mara mbili kutafuta pampu, tukiifuata kamba, na mara ya pili tuliipata imelala upande kwenye mteremko, imefunikwa na tope laini. Alifurahi kama mtu aliyekuta ndugu. Alizunguka, akaipapasa, akafunga mnyororo, akaufungua, akaufunga upya, na muda wote huo saa yangu ililia mkononi. Nilimwonyesha kidole juu. Alinionyesha kioo chake: bado ana nafasi.

Tulipopanda na kukaribia juu, saa yangu iliniamuru nisimame. Nilifungua kiganja mbele ya uso wake, alama ya kusimama tuliyofundishwa. Alitazama saa yake. Ile yake haikuamuru kitu. Akanyoosha mkono wenye saa ya chuma mbele ya miwani yangu nisome, halafu akatikisa kichwa, taratibu, kama anavyofanya mezani mtoto akisema upuuzi, akaanza kwenda juu. Huko hapakuwa na mke wangu wa kumtuma. Nilishika kamba kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili nikamkamata kifundo cha mguu.

Ulikuwa mguu mwembamba kuliko nilivyodhani. Alinipiga teke, miwani yangu ikajaa maji, na sikuachia. Alipiga tena. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na hofu, na hasira juu ya hofu, na bado sikuachia mpaka saa yangu iliponyamaza. Tulipotoka alivua mtungi wa hewa, akapita mbele yangu bila kugeuza shingo, akaketi mbele ya gari. Mimi nilirudi mjini nyuma, pamoja na kamba.

Familia iliketi. Mjomba wangu alinisemea, nami nilikaa chini, macho mkekani. Alieleza habari ya mlima vizuri kuliko nilivyotarajia. Wazee wa upande wao waliuliza swali moja: je, saa ya mzee ilisema kuna hatari? Mjomba alikubali kwamba haikusema. Basi saa mbili zilisema maneno mawili, na moja ilikuwa ya mkubwa. Baba mkwe wangu aliwatazama wao, si mimi, akasema kwa sauti ya kuumia ambayo haikuwa ya kiburi hata kidogo:

“Huyu mutoto amenikokota muguu kama mbuzi. Anazani mi sina akili.”

Nilitozwa kuku na kitambaa cha mama mkwe, nikatoa siku hiyohiyo, na nisingebishana hata kama wangetaka ng'ombe. Lakini waliamua pia kwamba nisishuke naye tena. Jioni ile nilifunga saa yangu ya plastiki ndani ya leso safi, nikamtuma mke wangu ampelekee, aivae yeye, nisiione tena, sidai. Alichelewa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na leso ilikuwa imefungwa vilevile.

Mzee alienda kuitoa ile pampu mchana wa Alhamisi, na vibarua wawili wa kushika kamba. Alirudi kabla ya jua kuzama, pampu iko nyuma ya gari inachuruzika, naye akipiga honi tangu mwanzo wa barabara. Nilisimama mlangoni kwetu nikamtazama akishuka garini. Alitembea vizuri. Mke wangu aliniambia, unaona, na nilitaka sana iwe kweli, nilitaka nionekane mjinga mbele ya ukoo mzima. Alikula bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, akasema bega linamuuma kwa kuvuta mnyororo, na mama mkwe akamsugua dawa ya kuchua. Baadaye akalalamika kwamba vidole vya miguu vinamchomachoma. Walisema ni baridi ya maji, wakamfunika.

Asubuhi aliposhuka kitandani alianguka.

Hospitali walimpa hewa ya oksijeni, walifanya walichoweza kwa bidii. Mwalimu, kwa simu kutoka Kalemie, alisema kinachotakiwa ni chumba maalumu cha kumrudisha mtu kwenye mgandamizo wa chini ya maji, na kwamba kila saa inayopita inakula miguu. Chumba hicho hapa hakipo. Ndege ingempandisha kwenye hewa nyepesi zaidi na kumdhuru, barabara ya mpakani ilikuwa ndefu, na ilipokwisha kuamuliwa nani aende naye na kwa karatasi zipi, mwalimu hakuwa na haraka tena kwenye sauti yake. Nilielewa kabla hajasema kwamba miguu haitatembea wala kusikia kitu tena. Nilitoka nje nikalia nyuma ya gari, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Sasa yuko nyumbani. Mama mkwe mgongo wake haumruhusu kumwinua, na shemeji zangu wanafanya kazi Kolwezi na Likasi. Familia iliketi tena, kwa muda mfupi sana, na wazee walewale wakasema mkwe amshike mzee, hakuna ubaya. Kwa hiyo kila asubuhi, mke wangu akishachemsha maji, navuka ua mimi mwenyewe. Namketisha kwenye kiti kivulini, nampaka sabuni, namkanda mashavu ya miguu kama mwalimu alivyoelekeza. Hatuzungumzi. Yeye hutazama ukuta wa matofali, nami hutazama kazi yangu, na heshima yetu yote imebaki hapo, kwenye macho.

Juzi ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa anautazama ukuta uleule, na alisema bila ukali, kama unavyomsemesha mtu wa nyumbani:

“Anza basi, maji inapola.”

Maji yalikuwa yanapoa kweli, lakini mguu wa kulia nilikuwa nimeshaumaliza. Wa kushoto nilikuwa nimeushika kwa mikono yote miwili.