Siku Redio Ilipokataa Kusema

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya kitu cha moto hunirudisha Newala, enzi za Mwingereza, kwenye chumba cha redio cha bomani. Baba ndiye aliyeiendesha redio ile ya kuzungumzia na Masasi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya chumba hicho, ua tu katikati.

Asubuhi moja Mama alishikwa na uchungu. Ilipofika mchana, mkunga, Mama Tekla, alitoka akamwambia Baba kwa sauti ya chini, "Baba Agnesi, mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho. Mwite daktari wa Masasi."

Baba alinishika mkono, mimi Agnesi, tukavuka ua.

Aliwasha redio. Masasi tuliwasikia vizuri. Baba akabonyeza kitufe cha maikrofoni, akaita, akakiachia. Masasi waliendelea kuuliza kama Newala tupo. Akaita tena. Wakauliza vilevile.

Akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa na vichupa vya kioo, nyuzi zake zikiwaka nyekundu, na ndipo ile harufu iliponipanda puani. Baba akaanza kunieleza, kwa sauti kubwa ingawa nilikuwa ubavuni pake. Vichupa vya huku vinasikiliza, alisema, na vile vikubwa vya kule vinasema. Waya wa juu ya paa ni mmoja tu, kwa hiyo vinautumia kwa zamu. Ukibonyeza kitufe, umeme wa betri unaamsha sumaku ndogo, sumaku inavuta ulimi wa chuma, na ulimi unauhamisha waya kutoka kwenye kusikiliza kwenda kwenye kusema.

"Bonyeza," akaniambia.

Nikabonyeza. Ulimi ulisogea kidogo, ukakwama.

Alizima kila kitu. Akapitisha kipande cha karatasi pale ulimi unapogusia, polepole, huku akiendelea kueleza. Karatasi ilitoka nyekundu kwa vumbi letu. Akawasha tena, tukasubiri nyuzi zipate moto. Sijui kusubiri kwingine kulikonichosha vile.

"Bonyeza."

Ta! Ulimi ukagonga.

"Masasi, hapa Newala. Tuna mwanamke, uzazi umemshinda."

Safari hii walijibu. Daktari alikuwa anaondoka kuja kwetu.

Gari lake lilipanda mlima jua likiwa bado halijazama. Mdogo wangu alitoka kimya, rangi imemgeuka, daktari akahangaika naye mpaka akalia. Mama alipona, ingawa alikaa kitandani muda mrefu.

Kwa miaka mingi niliwasimulia wenzangu kwa majivuno kwamba Baba alinifundisha redio siku ile. Nilipokuwa mama mwenyewe ndipo nilipojiuliza kwa nini mtu aliyebanwa vile apoteze pumzi kumweleza mtoto mdogo kazi ya sumaku. Dirisha la chumba kile lilitazamana na la Mama. Baba alizungumza ili mimi nisimsikie Mama akilia.

Yeye alimsikia muda wote.