Kodi ya Chumba na Ng'ombe wa Mwisho

Mzungu niliyempikia miaka sita aliuza nyumba yake ya Kitale vita vilipokwisha, akarudi kwao, akaniachia barua ya sifa na sufuria isiyo na mfuniko. Barua haikunipatia kazi. Kodi ya chumba changu katika mtaa wa Waafrika ilipofika mwezi wa tatu bila kulipwa, mwenye nyumba, mzee wa kikohozi kirefu na subira fupi, alisimama mlangoni akasema, "Jumamosi nataka pesa yangu yote. Kama hakuna, toa vitu yako, bwana."

Vitu gani? Kitanda na masufuria! Nilichoogopa kupoteza ni sakafu. Mke wangu, aliyefariki mwaka uliotangulia na mtoto tumboni, ndiye aliyeisiriba kwa samadi ya ng'ombe, akaichora mistari kwa vidole. Kando ya ukuta, mahali pasipokanyagwa, mistari ilikuwa bado inaonekana. Nilikula nikiitazama. Upweke ulinizidi hata nikawa naisemesha, na anayetaka kucheka acheke.

Nilianza kwa kaka yangu, Bungoma. Alinisikiliza huku akitafuna muwa, kisha akasema mjini si kwetu, nirudi nyumbani nilime. Fungu langu la shamba alikuwa amekwisha kulilima yeye, mpaka kwenye ua wa jirani. Nikamkumbusha kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Akanipa kipande cha muwa.

Ikabaki Misikhu, kwa mama wa marehemu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawashikani mikono. Kukwepana ndiko kuheshimiana. Miaka yote ile nilimjua kwa sauti tu, na kwa mgongo wake ukikimbilia jikoni. Nilifika asubuhi, siku ya soko, nikajificha nyuma ya ghala la mahindi. Palikuwa na kuku akiparura, nikamweleza yeye shida yangu, kwa sauti ya kufika jikoni.

"Kuku," sauti ikauliza kutoka ndani, "huyo mtu amekula?"

Nikamjibu kuku kwamba sijala tangu jana. Machozi yalinitoka palepale. Tangu tuzike, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Aliniwekea uji kizingitini, akarudi ndani ndipo nikauchukua. Nilipomaliza, alisema, "Kuku, mwambie ile ng'ombe nyekundu ndiyo imebaki kwa zile alileta za mahari. Mimi sina kitu ingine. Kama ni ya kumsaidia, achukue. Lakini afikirie kwanza."

Sikufikiri. Mfa maji haachi kutapatapa, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nilimfungua yule ng'ombe, nikampeleka sokoni, nikamuuza kwa mtu wa kwanza aliyefika bei. Kisha nikarudi nyuma ya ghala kutoa shukrani.

Nilisikia mlango wa jikoni, halafu nyayo. Hazikukimbia. Zilizunguka ghala zikanijia, nami nikageukia ukuta na kufunika uso kama mtoto mwizi wa sukari.

"Geuka," alisema, na safari hii hakumwambia kuku. "Mahari imerudi. Mimi na wewe si wakwe tena."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho ya mke wangu na pengo lake la meno ya mbele, ila limezeeka. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alininyoshea mkono kama anavyonyoshewa mpita njia yeyote, nami nikaupokea, kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Enda salama," akasema.

Jumamosi nililipa kodi. Mwenye nyumba aliniita bwana, safari hii kwa adabu, akaniachia ufunguo. Chumba kilikuwa changu, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani ambaye heshima ingenidai nimkimbie.